Namnakili Juan de Pareja: shajara ya mchora mabango anayejifunza kuchora sura

1 Machi. Kwa nini huyu

Mi ni mchora mabango. Saluni, kinyozi, duka la dawa, "hapa maji ya baridi", hizo ndo kazi zangu, mwaka wa tisa huu. Vichwa vya kinyozi nachora hata nikiwa nasinzia, kahawia moja bapa, nyeusi ya nywele, mstari wa panki, mteja analipa anaondoka. Sasa mwezi wa kwanza akaja mama mmoja mtu mzima na picha ya paspoti ya marehemu mumewe, anataka kubwa ya ukutani, nikakubali haraka haraka bila hata kufikiria. Wiki mbili baadaye nikampa. Akaiangalia, akaiangalia tena, akaifunika na khanga yake akasema, "Mwanangu, kazi umefanya, ila huyu siye." Pesa hakudai. Angedai ningepata hata pa kubishana.

Basi nimeamua nijifunze kwa njia ya zamani, unachukua kazi moja ya bingwa unainakili mpaka mwisho, na nimechagua potreti, yaani picha ya sura ya mtu, ya Juan de Pareja aliyoichora Diego Velázquez, mchoraji bingwa wa Hispania, akiwa Roma mwaka 1650. Sababu ni moja tu: mafunzo yote niliyoyaona yanafundisha ngozi ya waridi, "chukua nyeupe, ongeza nyekundu kidogo", mi nitamchora nani na hiyo hapa Tandika? Pareja alikuwa mtu mweusi kutoka Antequera, Hispania, na alikuwa mtumwa wa huyohuyo Velázquez, anamsaidia kazi za karakana. Inasimuliwa kwamba picha ilipoisha Velázquez alimtuma Pareja mwenyewe aibebe akawaonyeshe marafiki zake, watu wakawa wanamwangalia yeye, wanaangalia picha, hawajui wamsalimie nani. Machi 19 mwaka huohuo ikatundikwa Pantheon, lile jengo la kale la Roma, watu wakaja kuishangaa. Mi nataka hata robo ya hapo.

Picha iko jumba la makumbusho la Metropolitan Museum, New York, na wao wameruhusu picha za kazi zao za zamani kupakuliwa bure, kwa hiyo nimepata faili kubwa, ukivuta unaona mpaka nyuzi za kitambaa. Bando la siku likaishia hapo.

9 Machi. Fremu, na mbao mbichi

Ya kwake ni sentimita 81.3 kwa 69.9. Mi nimepunguza, 60 kwa 51.6, manake rangi ya mafuta ni bei na ukubwa ule ungenimaliza. Muhimu usipunguze ovyo, chukua urefu gawa kwa upana, lazima ipatikane 1.16 kotekote.

Kitambaa ni amerikani ya Kariakoo, mita mbili, shilingi 8,000, chagua ile nzito isiyo na mafundo. Mbao na ufundi wa seremala 14,000. Nikawamba, nikapaka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ikakauka ikavutika kama ngoma, nikafurahi, nikalala. Asubuhi kona moja imenyanyuka kidole kizima kutoka mezani. Mbao ilikuwa mbichi, imelala nje kwenye mvua, gundi ilipovuta ikaipinda. Nikarudi nayo kwa seremala, akaiangalia kwa jicho moja kama wanavyofanya, akaniambia, "Kaka, we si uliniambia unataka ya haraka?" Kweli nilisema hivo. Mbao nyingine kavu, 6,000.

Safari hii nikamwambia apige randa ukingo wa ndani ulalie chini, usiguse kitambaa. Kwenye ile ya kwanza nilipopaka gundi brashi ilikuwa inagonga ubao kwa nyuma na mstari ukajichora kuzunguka picha nzima, na ule mstari ukishatokea hauondoki hata upake nini.

Juu ya gundi nimepiga mikono mitatu ya rangi nyeupe ya maji, nimechanganya na gundi na unga wa chaki, msasa laini kila ikikauka. Vyote hivyo 17,500 na vimebaki vya fremu nyingine mbili.

15 Machi. Picha ya steshenari

Hii imenipotezea siku nne na ni ujinga mtupu. Nilienda kuprinti A3 ya rangi ili nipige miraba ya kuhamishia mchoro kwenye kanvasi, mraba kwa mraba. Kijana pale akaona picha haijajaa karatasi, akaivuta ikajaa. Mi sikuona. Nikapiga miraba sita kwa saba kwenye kanvasi, nikapiga sita kwa saba kwenye karatasi, nikachora siku tatu kwa penseli, kila mstari uko mahali pake kwenye mraba wake, na bado jamaa ananiangalia kama amefungwa taulo kichwani likakazwa. Uso mrefu, pua ndefu.

Mama watoto ndo aliyeshtuka, akapita na beseni akauliza, "Mbona wa kwenye simu mnene?" Nikachukua rula. Miraba ya karatasi haikuwa miraba, ilikuwa mistatili, 4.95 kwa 6. Yaani dalili ilikuwa mbele yangu siku zote tatu, mraba usio mraba, na mi napima kwa bidii kabisa.

Nimeprinti tena, nimemwambia kijana upana ujae karatasi na urefu uwe 34.5, nafasi inayobaki iache nyeupe. 4,000 nyingine. Kila mraba wa karatasi ni kama 4.95, wa kanvasi 8.6. Kwenye macho na mdomo nimegawa kila mraba mara nne. Mchoro umekaa kwa usiku mbili tu.

22 Machi. Tabaka la kwanza, thina na alizeti

Tabaka la kwanza ni amba peke yake, ile kahawia ya udongo, nyembamba kama chai, unaweka giza na mwanga tu bila rangi nyingine. Inakauka upesi kuliko rangi nyingi, ndo maana wanaanza nayo.

Kosa la kwanza. Kuyeyushia nilitumia thina ya hardware, ileile ninayotumia kwenye mabango ya bati, 5,000. Nikaenda sawa mpaka nilipotaka kufuta kivuli cha shingo, nikafuta kwa kitambaa chenye thina, ikatoka amba, ikatoka na nyeupe yangu yote ya chini, nikakuta nyuzi za amerikani zinanichekea. Kumbe ile thina ni kali, inalainisha rangi ya maji na gundi. Inayofaa ni tapentaini, au waiti spiriti ambayo ni 6,000. Pale shingoni nimepaka nyeupe upya, nikasubiri siku mbili, na mpaka leo ukipitisha kidole utasikia kakilima.

Kosa la pili bado silijui kama ni kosa. Mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi niliyoagiza hayajafika, na mtu kaniambia mafuta yoyote ya mbegu yanafaa, kwa hiyo kwenye nguo nimetumia alizeti ya jikoni. Mama watoto ananiuliza alizeti imeenda wapi na futari bado haijapikwa.

6 Aprili. Ngozi, mara ya kwanza

Nimeharibu.

Nilifanya kama bango, nikatengeneza kahawia moja nzuri ya katikati, halafu pa mwanga nikaongeza nyeupe, pa kivuli nikaongeza nyeusi. Ukiwa karibu unaona unaenda vizuri. Nikarudi nyuma hatua tano nikakaa kwenye ndoo nikaangalia. Paji la uso limepauka. Sina neno jingine, limepauka kama mtoto aliyetoka kuoga akakimbia kabla hajapakwa mafuta, kijivu, vumbi vumbi. Na shavu la kivulini limekuwa masizi. Binti yangu wa miaka sita akasimama akasema, "Baba, huyu mjomba katoka kuchoma mkaa?"

Nimekwangua yote kwa kisu cha kuchanganyia kabla haijakauka. Kitambaa cha kufutia chenye mafuta ya kitani (yamefika, 10,000) nimekiloweka kwenye ndoo ya maji kabla ya kutupa, na nyie fanyeni hivo, mafuta haya yakikauka kwenye vitambaa vilivyorundikwa yanajipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Mi nilidhani ni hadithi mpaka nilipokishika kimoja kimekunjwa kikawa cha vuguvugu.

13 Aprili. Ngozi, mara ya pili, usiku

Wiki nzima sikugusa brashi, nilikuwa naangalia tu. Nimevuta ile faili mpaka paji lake likajaa skrini na nimegundua kitu ambacho miaka tisa ya kuchora vichwa vya kinyozi sikukiona, na ningeweza kukiona bure kwenye daladala yoyote saa sita mchana: sehemu inayong'aa kwenye ngozi nyeusi siyo kahawia iliyowekwa nyeupe. Ni mwanga wa anga au dirisha umekaa juu ya ngozi, kwa hiyo una ubaridi, kijivu chenye samawati kidogo, na kadoa kenyewe ni kadogo sana. Ukitoka hapo kidogo tu ndo unakutana na rangi yenyewe, na ina joto, ina nyekundu na njano ndani yake. Na kivuli chake siyo cheusi hata kidogo, ni kahawia iliyoiva yenye wekundu, hasa chini ya pua na pembeni ya sikio.

Nikaingia kwa nguvu, usiku, saa tatu mpaka saa saba. Oka ya njano na siena iliyochomwa (rangi za udongo, siena ndo ile kahawia yenye wekundu), nyekundu ya kadmiamu tone, na kwa giza amba na bluu ya ultramarini, nyeusi nimeifungia kwenye mfuko nisiione. Nikalala mshindi.

Asubuhi nafungua mlango, mtu wa kijani. Siyo kidogo, kijani kama embe bichi. Nilikuwa nachanganya chini ya balbu ya njano, na simu ilikuwa kwenye ile hali ya usiku inayotia skrini umanjano, kwa hiyo rangi niliyokuwa naiona siyo niliyokuwa naipaka. Nikakwangua tena. Tyubu ya siena kwenye boksi imeisha (boksi la rangi 12 lilikuwa 38,000, zile tyubu ni ndogo kama dawa ya meno ya hotelini), nimenunua kubwa, 12,000.

Tangu siku hiyo napaka saa tatu asubuhi mpaka saa sita tu, mlangoni, skrini mwanga uleule kila siku. Kazi za mabango nimezisukuma mchana.

26 Aprili. Ngozi, mara ya tatu, imekubali

Utaratibu uliokubali huu hapa. Kabla ya kugusa kanvasi nachanganya marundo matano kwenye kioo, kutoka giza mpaka mwanga, na kila rundo najaribisha kwanza kwa kulipaka kwenye kipande cha plastiki angavu na kukiweka juu ya skrini, pale pale kwenye shavu la Pareja. Kama linapotea, ndo lenyewe. Kama linaonekana, narudi.

Rundo la giza ni amba na siena na ultramarini kidogo. La pili siena zaidi. La tatu, ambalo ndo karibu uso mzima, ni siena na oka na nyekundu tone. La nne oka zaidi, na hapa ndo nyeupe inaingia kwa mara ya kwanza, kichwa cha kiberiti. La tano ni nyeupe na kibluu na kidogo cha rundo la tatu ili isiwe ngeni, na hilo nimelitumia sehemu nne tu: paji, juu ya pua, shavu, kope la chini. Kila nilipotamani kuongeza la tano nilikuwa nakwenda kunywa maji.

Pale kwenye paji niliweka brashi moja, nikaacha. Ikakaa kama jasho. Aisee nilicheka peke yangu, jirani akachungulia.

Macho yamechukua siku tatu. Anakuangalia moja kwa moja, kichwa kimenyooka, na kila nilipodhani nimempata alikuwa anageuka kuwa mtu mwenye hasira au mtu anayejionyesha, na wa kwenye faili hana hata kimoja kati ya hivyo. Tofauti ilikuwa kwenye kope la juu, nililichora duara, lake limekatika kwenye pembe kama paa la nyumba. Milimita moja. Alipochorwa hivi alikuwa bado mtumwa, hati ya kumwacha huru Velázquez aliisaini Roma Novemba 23 mwaka huohuo wa 1650, na hata hiyo ilikuwa na sharti la kutumika miaka minne zaidi. Mi nilisoma hayo katikati ya kuchora jicho la pili, nikaweka brashi chini kwanza.

10 Mei. Nywele, na alizeti imejibu

Nywele zilinitisha bure. Nilianza kuchora vikunjo kimoja kimoja, zikawa kamba. Nikafuta, nikaweka umbo zima la giza kama wingu, nikavunja ukingo kwa brashi kavu pale zinapokutana na ukuta, basi. Ndevu vilevile, ngozi kwanza, ndevu juu yake rangi ikiwa bado mbichi ili ziote kutoka ndani.

Sasa ile nguo ya alizeti. Wiki saba. Nimeigusa, kidole kimebaki na alama na kanvasi imebaki na alama ya kidole, inanata kama karatasi ya kutegea nzi, na imetega kweli: mbu wawili, unyoya wa kuku na vumbi la masika yote. Alizeti ya jikoni inakauka polepole mno kwa kazi hii, na huwezi kuweka tabaka lingine juu ya kitu kisichokauka. Nimefuta nguo yote kwa waiti spiriti, taratibu, nimeanza upya kwa kitani.

Na kitani nacho usikimimine. Kwenye ukuta wa nyuma kona ya chini nilitia kingi ili rangi iteleze, juu ikakauka chini bado, ikakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Matabaka ya chini yawe na mafuta kidogo, ya juu ndo yazidi, na hata hayo ni matone, siyo kijiko. Kona nimekwangua, kovu nimeliacha.

25 Mei. Kola

Nilikuwa naiogopa kuliko uso, ile kola pana nyeupe ya lesi. Nikavuta faili nikaanza kutafuta lesi nizihesabu, na hakuna lesi! Ukikaribia ni madoa tu, mengine kama mtu alikuwa anafuta brashi, ukirudi nyuma inageuka kitambaa cha bei. Nyeupe yenyewe siyo nyeupe, sehemu kubwa ni kijivu, nyeupe halisi iko kwenye ncha chache.

Mimi mchora mabango nina ugonjwa wa kumaliza kingo, kila herufi iwe na mpaka wake, kwa hiyo kola yangu ya kwanza ikawa kama imekatwa kwa mkasi kwenye karatasi ya daftari. Dawa niliyoipata: brashi kubwa kuliko inavyotakiwa, shika mwisho kabisa wa mpini, na simama, usikae. Mkono ukiwa mbali hauwezi kurembesha. Kola ya tatu imetoka kwa saa moja na nusu. Tyubu kubwa ya nyeupe, 16,000, na nusu yake imekwenda kwenye kola mbili zilizofutwa.

14 Juni. Mkono, hesabu, na pa kuachia

Mkono uliokunjwa mbele ya tumbo nimeukosa na nimeuacha hivo hivo. Velázquez kauchora kwa haraka sana, karibu hajauchora, na mi kila nikijaribu haraka yake unatoka glavu. Nimejaribu mara tano. Nguo ile ya kijivu cha kijani imekaa vizuri kuliko nilivyotegemea, ukuta wa nyuma una kovu lake, shingo ina kilima chake.

Hesabu kwa anayetaka kufuata: fremu mbili 20,000, kitambaa 8,000, gundi na nyeupe na msasa 17,500, kuprinti 8,000, rangi zote pamoja 66,000, kitani 10,000, waiti spiriti 6,000, brashi tatu 15,000 (mbili za singa ngumu na moja laini, usinunue seti ya kumi, saba hutazigusa), na ile thina 5,000. Jumla 155,500. Humo 15,000 ni ujinga mtupu, yaani mbao mbichi, picha iliyovutwa na thina. Alizeti ilikuwa ya nyumbani, ila nimeilipa kwa maneno. Ile yenyewe ya Velázquez ilinunuliwa kwenye mnada wa London mwaka 1970 kwa zaidi ya dola milioni 5.5, hiyo siweki kwenye hesabu.

Pareja mwenyewe alikuja kuwa mchoraji wa jina lake. Ipo kazi yake kubwa ya mwaka 1661, Wito wa Mtakatifu Mathayo, iko makumbusho ya Prado kule Madrid, na kwenye ukingo wa picha amejichora amesimama na karatasi mkononi yenye jina lake. Nimeipakua. Mikono ya humo imechorwa taratibu, naweza kuifuata, nadhani ndo nitakayojifunzia mkono.

Ila hiyo baadaye. Jana nilikwenda kumsalimia yule mama, shikamoo, marahaba, nikamwomba ile picha ya paspoti tena. Akakaa kimya kidogo halafu akaingia ndani akatoka na nyingine ambayo sikuwahi kuiona, mzee kakaa mlangoni kwake na kanzu, mwanga wa upande mmoja, kope la juu limekatika kwenye pembe. Fremu ni 50 kwa 40, mbao zake ziko juu ya dari wiki ya tatu sasa zinakauka.